Nakivubo na Viwanja Tulivyobakiwa Navyo



Nimeombwa nizungumzie viwanja vya kale vya michezo na namna ya kuvihifadhi ili viendelee kuwafaa watu. Nitaanza bondeni, Nakivubo, kwa sababu pale Kampala ilikata shauri kubwa kuhusu mali ya wote huku wenye mali wengi wakiwa hawajaulizwa. Nami nina hakika shauri la aina hiyo litarudi, safari nyingine kwenye uwanja mwingine.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili anayetaka kunipinga ajiandae. Uwanja wa zamani una vitu viwili ambavyo haifai kuvipoteza: ruhusa ya mtu wa kawaida kuingia na kuutumia, na kumbukumbu ya watu waliotufanya tuupate. Kuta, majukwaa na mapaa vinaweza kubadilishwa. Vikibaki vile viwili, uwanja umehifadhiwa hata kama hakuna tofali moja la zamani lililobaki. Vikiondoka, hatuna uwanja wa jamii, hata tukijengewa wa kisasa namna gani.

Kampala ni mji wa vilima, na tangu zamani vilima vina wenyewe. Mengo ni wa Kabaka. Rubaga na Namirembe ni vya makanisa, na Kibuli ni wa Waislamu. Kololo na Nakasero vikawa vya serikali na wenye nacho. Mabonde ndiyo yaliyowabakia watu wengine wote, na katika bonde la Nakivubo ndimo ulimotengwa uwanja wa michezo mwaka 1926, katika enzi ya Kabaka Daudi Chwa, kwenye ardhi ya Buganda. Ilikuwa ardhi ya majimaji. Mpaka leo mfereji wa Nakivubo unapita kando yake ukibeba maji ya mvua na taka za katikati ya mji, kuelekea kwenye kinamasi cha chini ya Bugolobi na hatimaye Ziwa Victoria, katika Ghuba ya Murchison. Mvua kubwa ikinyesha, wafanyabiashara wa pale huanza kupandisha mizigo juu ya meza kabla hata hawajaambiwa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Waganda zaidi ya 70,000 walichukuliwa jeshini. Wazee waliwaita askari wa keya, yaani wale wa King's African Rifles, na lugha yao ya kambini ilikuwa hiki Kiswahili ninachozungumza nanyi sasa. Mvulana wa Lango, wa Acholi, wa Busoga, wa Ankole, alipata amri yake ya kwanza kwa Kiswahili. Walipigana Abisinia mwaka 1941. Walivuka bahari hadi Madagaska mwaka 1942. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw, kule Burma, katika msimu wa mvua za masika za Asia. Matope yalikuwa ya magotini, malaria ilikuwa imewatangulia, na Wajapani walikuwa wamejificha msituni. Wengi wetu hapa tuna babu au babu-mkubwa aliyerudi kutoka huko akiwa mkimya, au ambaye hakurudi kabisa.

Kwa ajili ya wale ambao hawakurudi, mapema katika miaka ya 1950 ilitungwa sheria ya wadhamini wa Nakivubo, na uwanja ukapewa jina la Uwanja wa Kumbukumbu ya Vita. Tafadhali tulitazame jambo hili kwa makini. Wakoloni wangeweza kuweka sanamu ya shaba na shada la maua, mambo yakaishia hapo. Badala yake Kampala ikapata kumbukumbu ambayo ndani yake watu hucheza. Waliokufa wangekumbukwa kwa miguu ya watoto wao ikikimbia. Na mali yenyewe ikawekwa chini ya wadhamini, ambao kazi yao ni kuitunza kwa niaba ya watu. Gulu nako wanao uwanja wa namna hiyo, Pece, ambao nao unaitwa wa Kumbukumbu ya Vita. Sijui kama kuna wazo zuri zaidi katika historia ya miji yetu.

Na watu waliutumia kwelikweli. Kabla ya uwanja wa Namboole kufunguliwa mwaka 1997, Nakivubo ndiyo iliyokuwa nyumba ya kandanda ya nchi hii. Mwaka 1973, mashindano ya kwanza ya Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, yalipofanyika Kampala, Uganda iliifunga Tanzania 2-1 katika fainali. Mwaka 1978, klabu ya KCC ikaitoa Simba ya Dar es Salaam kwa penalti na kuwa klabu ya kwanza ya Uganda kutwaa Kombe la Klabu Bingwa la ukanda huu. Ndugu zetu wa Simba mpaka leo hawapendi kukumbushwa. Desemba 1991 SC Villa ilicheza pale Nakivubo marudiano ya fainali ya Klabu Bingwa Afrika dhidi ya Club Africain. Tulikuwa tumekwisha kufungwa 6-2 kule Tunis, kila mtu alijua kombe limekwenda, na bado uwanja ulijaa. Mechi ikaisha 1-1. Waliokuwepo hawasimulii kushindwa. Husimulia jinsi watu walivyoimba hadi filimbi ya mwisho kwa ajili ya timu iliyokuwa imefika fainali ya Afrika.

Pembeni ya kandanda palikuwa na maisha mengine. Pale Nakivubo palifanyika mikutano ya injili, maonyesho ya muziki, ngumi, sherehe za shule. Nje ya ukuta lilikuwa soko la Park Yard, upande mwingine Owino, ambalo kwa jina rasmi ni St. Balikuddembe, na hatua chache mbele stendi za teksi. Mtu wa kutoka Masaka aliweza kushuka kwenye teksi asubuhi, akanunua mivumba (nguo za mitumba) ya kwenda kuuza kijijini, akatazama mechi saa kumi, akarudi nyumbani usiku na mzigo wake kichwani. Uwanja ulikuwa umefumwa ndani ya riziki ya watu. Mpangaji wa miji akikuonyesha mchoro wa uwanja peke yake, bila soko na bila stendi, hajakuonyesha Nakivubo.

Tusidanganyane, lakini. Kufikia miaka ya 2010 uwanja ulikuwa umechakaa. Nyasi zilikuwa zimeisha mahali pengi, kiangazi vumbi, masika tope. Majukwaa yalikuwa yakitisha. Wadhamini hawakuwa na fedha, na serikali ilikuwa imeelekeza macho Namboole. Anayesema tungeuacha vilevile hauzungumzii uwanja ule niliokuwa nikiujua. Palihitajika fedha, na mwaka 2015 ukaingiwa mkataba wa ubia na mwekezaji, kampuni ya Ham Enterprises ya mfanyabiashara Hamis Kiggundu. Mwishoni mwa Februari 2017, usiku, tingatinga zikaingia Park Yard. Asubuhi wenye vibanda walikuta mbao na mabati, na watu wakichakura kwenye kifusi wakitafuta marobota yao ya nguo na viatu. Baadhi walihamia masoko mengine, wengine wakaishia barabarani. Uwanja wa zamani nao ukavunjwa. Miaka saba baadaye, tarehe 25 Aprili 2024, Rais Museveni akauzindua uwanja mpya.

Nitautendea haki. Ni uwanja mzuri kuutazama. Una nyasi bandia zinazostahimili mechi nyingi, una taa, na una maduka ya ghorofa yaliyouzunguka, migongo yao ikiwa imeegemea majukwaa. Kandanda limerudi katikati ya mji baada ya miaka saba ya vilabu kutangatanga. Shabiki wa Villa anaweza tena kutembea kwa miguu kutoka dukani kwake hadi kwenye kiti chake. Aliyetoa fedha zake kwa hilo anastahili shukrani, na mimi naitoa hapa hadharani.

Lakini maduka hayo ndiyo yaliyonifanya nikubali mwaliko wa leo. Uwanja unaozungukwa na fremu za maduka una milango ya aina mbili: ya mnunuzi, ambayo iko wazi siku nzima, na ya mchezaji, ambayo ina funguo. Mtoto wa mtaa wa Kisenyi asiye na fedha ya kiingilio na asiye na timu ya ligi ataingia kwa mlango upi, na siku gani? Na yule askari wa keya aliyezikwa Burma, jina lake liko wapi? Redioni siku hizi utasikia "pale Hamz". Jina la mwekezaji limekaa mdomoni mwa watu haraka sana, na maneno Kumbukumbu ya Vita yanakwenda yakisahaulika, ingawa ndiyo sababu ya uwanja kuwepo.

Kuhusu majina, tunao mfano wetu wenyewe pale Lugogo. Uwanja wa klabu ya KCCA, ile KCC ya zamani, ulikuwa ukiitwa kwa jina la Philip Omondi, mshambuliaji aliyekuwa miongoni mwa wafungaji bora wa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978, Uganda ilipofika fainali na kufungwa na Ghana mjini Accra. Ukaja udhamini wa kampuni moja ya televisheni, jina la Omondi likaondoka kwenye bango. Mkataba ule ulipokwisha na mdhamini mwingine akaja, uwanja ukaitwa MTN Omondi Stadium. Kampuni ilipata tangazo lake, marehemu akarudishiwa heshima yake. Kumbe inawezekana, na wala haikumgharimu mdhamini chochote cha maana. Nakivubo inaweza kufanya vivyo hivyo kesho asubuhi.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Detroit, Marekani, mji ambao nao umepata taabu zake. Kule mchezo wa watu ni besiboli. Kwenye kona ya barabara za Michigan na Trumbull, timu ya Tigers ilicheza tangu mwaka 1896, na uwanja mkubwa ulifunguliwa hapo tarehe 20 Aprili 1912. Mechi ya mwisho ya Tigers ilichezwa tarehe 27 Septemba 1999. Timu ikahamia uwanja mpya, na ule wa zamani ukasimama mtupu miaka karibu kumi, mipango ikiandikwa na kutupwa, hadi ulipovunjwa kati ya mwaka 2008 na 2009. Kikabaki kiwanja tupu chenye uzio, na mlingoti mmoja wa bendera uliokuwa umesimama pale tangu enzi za mechi.

Mwaka 2010 wakazi wachache wakaanza kuingia. Hawakuwa na ruhusa. Walikwenda na mashine zao za kukatia nyasi, reki, ndoo na mifuko ya taka. Magugu yalikuwa yamewapita urefu. Wakafyeka, wakaokota chupa, wakatafuta mahali alipokuwa akisimama mrushaji mpira, wakapachonga upya kwa udongo. Polisi walikuja kuwafukuza kwa kuingia mali ya manispaa. Wakaondoka, wiki iliyofuata wakarudi. Polepole wazazi wakaanza kuleta watoto kucheza, wazee wakaleta wajukuu kuwaonyesha walipokaa na baba zao, na watu wakafungia ndoa juu ya nyasi zile. Mji uliokuwa na fedha za kuvunja haukuwa na fedha za kufyeka, na watu wasio na fedha walifyeka kwa miaka kadhaa bila malipo.

Mwaka 2018, shirika la michezo ya vijana la mji ule lilifungua hapo uwanja wake na ofisi zake. Watoto wanacheza mahali palepale walipochezea mabingwa. Pembezoni pamejengwa nyumba za kupangisha na maduka. Wale waliofyeka walilalamika sana nyasi za asili zilipobadilishwa kuwa bandia, na ninawaelewa, ila kwangu hilo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mji ulipogawa ardhi ile, sehemu ya kuchezea waliachiwa watoto, na biashara ikawekwa kandokando. Mlingoti wa bendera bado upo.

London walifanya vingine. Uwanja wa Highbury wa Arsenal ulipofungwa mwaka 2006, kuta zake mashuhuri zilihifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, majukwaa yakageuzwa nyumba za watu, na kiwanja kikawa bustani katikati ya nyumba hizo. Picha zake zinapendeza. Ni makazi ya waliomudu kununua, basi. Kule tofali limehifadhiwa na shabiki ametolewa nje, na ndiyo maana nilisema kuta si hoja yangu.

Nimetoka nje ya nchi kwa sababu mifano ya viwanja ipo huko, lakini moyo wa kuhifadhi hatuhitaji kuuazima. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi yaliteketea tarehe 16 Machi 2010. Yamejengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikayatoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ya kuezeka nyasi ilibaki kwa mafundi wa ukoo wa Ngeye, ambao ndiyo jukumu lao kwa mila, na vijana walijifunza juu ya paa, mikononi mwa wazee. Ndiyo sababu ilichukua miaka mingi, na ndiyo sababu Kasubi bado ni Kasubi. Na mwaka 2011 serikali ilipotaka kuliondoa jengo la Makumbusho ya Uganda, lililochorwa na Ernst May, ili pajengwe mnara wa biashara wa ghorofa 60, watetezi wa urithi walikwenda mahakamani na wananchi wakapiga kelele. Jengo limesimama. Wanafunzi bado wanashuka kwenye mabasi pale Barabara ya Kira.

Kwa nini basi Nakivubo haikupata watetezi wa namna hiyo? Nadhani ni kwa sababu sisi wenye kalamu tuliuona uwanja kuwa ni mahali pa kelele. Kaburi la wafalme ni urithi, jengo la msanifu wa Kijerumani ni urithi, lakini bonde la wapiga vuvuzela na wauza mivumba halikuingia kwenye hesabu zetu. Hilo ni kosa la wasomi wa mji huu, na wachuuzi wa Park Yard hawana sehemu ndani yake.

Nakivubo imekwisha kujengwa, na sitaki tukae tukilia. Nataka wadhamini, mwekezaji na Mamlaka ya Jiji la Kampala wakae meza moja, mkataba uwe mkononi, wakubaliane saa za umma. Asubuhi mbili tatu kwa wiki, bila kiingilio, kwa shule za msingi za bonde lile ambazo hazina mahali pa kukimbilia. Nyasi bandia hazichoki kama za asili; kisingizio cha kuchoka kwa nyasi kilichokuwa kikitumika zamani sasa hakipo tena. Nataka ukuta wa majina kwenye lango kuu, na jina la Kumbukumbu ya Vita liandikwe pale kwa herufi kubwa sawa na jina lolote lingine. Majina ya waliokufa yapo katika kumbukumbu za jeshi na za makaburi ya vita. Mtu akitumwa, atayapata. Na sehemu ya kodi ya maduka yale iende kwenye michezo ya watoto, iandikwe kwenye mkataba, isomwe hadharani kila mwaka.

Kisha tuvitazame vilivyobaki. Wankulukuku, uwanja wa Muteesa II, nyumba ya klabu ya Express, uko katika upande wa mji ambako bei ya kiwanja inapanda kila mwaka. Pece ya Gulu. Kakindu ya Jinja. Viwanja vya shule za Mengo na Old Kampala, ambavyo jioni hutumiwa na mtaa mzima. Kila kimoja kitapata siku yake ya kufuatwa na mtu mwenye ramani nzuri na ahadi nzuri. Bunge lilipitisha Sheria ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu na Sheria ya Taifa ya Michezo, zote za mwaka 2023. Zitumike kuviorodhesha viwanja hivi sasa, mipaka ikiwa bado inajulikana, kabla ya mkataba wowote kuandikwa. Na mwekezaji akija, wananchi wa eneo wasikilizwe kwanza, na wenye vibanda wapewe pa kwenda kabla ya tingatinga kuwashwa. Mchana, si usiku.

Kwa wanaodhani kiwanja cha watoto ni anasa, niwakumbushe timu ya watoto ya Lugazi. Mwaka 2012 watoto wale walikwenda Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ya Uganda iliyofuzu ilinyimwa viza. Lugazi walifika, na wakashinda mechi moja, 3-2, dhidi ya timu ya jimbo la Oregon. Huo ni mchezo ambao Mganda wa kawaida haujui hata kanuni zake. Walichokuwa nacho ni mwalimu, mpira, na kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyewafukuza juu yake.

Mwisho nina ombi. Katika ukumbi huu wamo wazee walioingia Nakivubo tangu miaka ya 1960. Zipo picha majumbani, zipo tiketi, yapo majina ya babu waliokwenda Burma na ambayo hayajaandikwa popote. Tafadhalini, yapelekeni Makumbusho ya Uganda yakanakiliwe, mrudi na vya kwenu nyumbani. Ninyi vijana wenye simu, wekeni kinasa sauti, mkae na bibi na babu, muwaulize walikaa jukwaa lipi na walimwona nani akicheza. Na mnaokaa Rubaga, siku mtakayosikia kuna kikao cha kujadili Wankulukuku, msisubiri barua ya mwaliko. Nendeni.